Kichomi: ubavu wangu, Franklin na dirisha la matatu

Kuna kicheko kimoja kilinigharimu siku tatu kitandani. Ilikuwa Jumamosi jioni, tumesimama na wasee wangu karibu na kibanda cha chipo, mmoja akaanza stori ya makanga aliyeshuka kubishana na abiria, matatu ikamwacha hapo hapo stejini na pesa zote mkononi. Wote wakaanguka kucheka. Mimi pia nikacheka, sekunde mbili hivi, halafu nikashika ubavu wa kulia, nikainama, nikaacha kupumua. Wakadhani naongeza utani. Mmoja hata akanirekodi. Hiyo video bado iko, na ukiiangalia utaona kijana amecheka mpaka ameishiwa nguvu. Sikuwa nacheka. Nilikuwa najaribu kukumbuka vile watu huvuta pumzi bila kudungwa.

Madaktari wanaiita plurisi. Mathe anaiita kichomi. Mimi nimeishi nayo zaidi ya miaka miwili sasa, na kwa sababu nyinyi mnanijua kwa mambo ya historia, nilifanya kile huwa nafanya nikishindwa na kitu: nikaenda kutafuta ni akina nani wengine walishikwa nayo kabla yangu, na walifanya nini. Manze, ni wengi. Na baadhi yao mnawajua.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Mapafu yako yamevishwa utando mwembamba kama karatasi ya nailoni. Upande wa ndani wa mbavu nao una utando wake. Katikati ya hizo tando mbili kuna majimaji kidogo sana, kazi yake ni kulainisha, ndiyo ukipumua moja iteleze juu ya nyingine na usisikie chochote. Sasa hizo tando zikiwashwa na ugonjwa, zinavimba, zinakuwa na mikwaruzo, na kila pumzi ni msuguano. Kitu kilinishangaza ni hiki: utando uliofunika pafu hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Ule wa ukutani, wa upande wa mbavu, ndio umejaa. Yaani pafu linaweza kuwa linaharibika kimya kimya, na kelele yote inapigwa na ukuta. Na ikiwa sehemu iliyoshikwa ni ile inayogusa kiwambo cha chini kinachotenganisha kifua na tumbo, utasikia uchungu kwa bega. Wiki mbili mzima nilikuwa napaka bega dawa ya misuli.

Piga hesabu. Mtu mzima aliyetulia anapumua kama mara 15 kwa dakika. Hiyo ni mara 21,600 kwa siku. Goti likiuma unakaa chini. Jino likiuma unatafuna upande wa pili. Pumzi haina upande wa pili.

Yangu ilianza na kikohozi kikavu, homa za jioni, na kile kisu. Zahanati ya kwanza mtaani walinisikiliza dakika tatu, wakasema ni asidi, wakanipa dawa ya kulamba ya tumbo. Ya pili wakasema ni misuli, nimebeba kitu kizito. Halafu siku moja uchungu ukapungua wenyewe na nikafurahi sana. Nilikuwa mjinga. Uchungu ulipungua kwa sababu maji yalikuwa yamejaa katikati ya zile tando na kuzitenganisha, kwa hivyo hazikuwa zinasuguana tena. Badala yake nikaanza kuhema nikipanda ngazi ya ghorofa moja. Hospitali ya tatu walinipiga eksirei, wakanikalisha nimeinamia meza, wakanidunga sindano mgongoni katikati ya mbavu na kutoa maji ya rangi ya chai nyepesi. Ilikuwa kifua kikuu, TB, lakini ya huko kwa tando. Miezi sita ya tembe, mkojo rangi ya Fanta, na nikapona.

Nikapona, ndiyo. Karatasi inasema nimepona. Ubavu haujasoma hiyo karatasi.

Turudi nyuma. Wagiriki wa kale waliita ugonjwa huu kwa jina la ubavu, pleura, na hapo ndipo plurisi imetoka. Waarabu wakauita dhat al-janb, ambayo ukiitafsiri ni kama kusema ule wa ubavuni. Wote wametaja mahali. Mswahili hakujali mahali, alitaja kinachotendeka: kichomi, kile kinachochoma. Napenda sana hilo. Ni kweli neno lenyewe tunalitumia ovyo, nimonia ni kichomi, ukikimbia baada ya kula ni kichomi, lakini aliyelitunga alikuwa ameugua. Huwezi kutunga neno kama hilo ukiwa umesimama kando ya kitanda.

Jina la Kiarabu nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa jirani yetu, mama mmoja mtu wa Kisauni, aliyekuja kuniona nikiwa bado kwa dawa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia pole mwanangu, halafu akafungua karatasi iliyokuwa na vipande vya mzizi. Akasema ni udi wa kihindi, na si ule wa kufukiza nyumba. Nikafikiri ni mambo ya mitishamba tu. Kumbe ina karne nyingi: katika hadithi za Mtume zilizokusanywa na Bukhari, dhat al-janb imetajwa kwa jina na dawa iliyotajwa kando yake ni huo udi wa kihindi. Na kuna hadithi nyingine inayomhesabu anayekufa kwa ugonjwa huo kuwa miongoni mwa mashahidi. Sikuutumia ule mzizi, kwa sababu tembe nilizokuwa nazo zilikuwa nne kwa mpigo na sikutaka kuchanganya. Lakini nilikaa nikifikiria hilo la ushahidi. Huko nilikotoka niliambiwa ni asidi.

Vitabu vya udaktari vinavyobeba jina la Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, vinaeleza kichomi vizuri kuliko ile zahanati ya kwanza. Vinasema daktari aweke sikio lake kwa ubavu wa mgonjwa, na pafu likiegemea ukuta atasikia sauti kama ya mkanda wa ngozi unaokwaruza. Hiyo sauti bado inafundishwa leo. Vinasema pia uanze na joto: maji moto ndani ya kibofu cha mnyama au chombo cha shaba au cha udongo, uweke kitu laini katikati ili mtu asiungue, kisha uegemeze ubavuni. Mimi natumia chupa ya plastiki ya nusu lita na soksi kuukuu. Ni dawa ile ile, vyombo tu ndivyo vimeshuka hadhi.

Shida ni kwamba vile vitabu vilisema pia kuwa uchungu ukipanda hadi kwa mfupa wa shingo, umtoe mgonjwa damu. Hapo ndipo balaa ya karne nyingi ilipoanzia.

Charlemagne hata hawakuwahi kumtoa damu, alijimaliza mwenyewe. Huyu ndiye mfalme aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, na mwandishi wake Einhard anasimulia kwamba Januari ya 814 alishikwa na homa, akaamua kufunga kula kama kawaida yake, halafu uchungu wa ubavuni ambao Wagiriki huuita plurisi ukamjia juu ya homa. Akaendelea kukataa chakula, anakunywa tu mara moja moja. Siku ya saba akafa. Mnajua kuna mjomba mmoja kama huyo kwa kila familia.

Wengine walitolewa damu, na kwa bidii. Miaka ya 1500 madaktari wa Ulaya walikosana vibaya juu ya swali hili: mgonjwa wa kichomi akichanjwa mkono, uwe mkono wa upande unaouma au wa upande mwingine? Desturi ya wakati huo ilikuwa kutoa kidogo kidogo, mbali na penye ugonjwa. Daktari mmoja wa Paris, Pierre Brissot, akasema hapana, tutoe upande ule ule na karibu, kama Wagiriki. Ugomvi ukamfuata mpaka Ureno, akafa 1522, na kitabu chake cha kujitetea kikatoka 1525 yeye akiwa kaburini. Vesalius, yule baba wa elimu ya viungo vya mwili, naye akaandika barua nzima juu ya jambo hilo 1539. Watu wenye akili kabisa, miaka na miaka, wanabishana kushoto ama kulia, na hakuna aliyeuliza kama yule mgonjwa anahitaji kutolewa damu kabisa. Kama umewahi kuangalia mjadala wa siasa kwa televisheni yetu, unajua hiyo hali.

Aliyeuliza alikuja baadaye sana. Pierre Louis, Paris tena, alihesabu wagonjwa 77 wa nimonia. Kati ya 41 waliotolewa damu ndani ya siku nne za kwanza, 18 walikufa. Kati ya 36 waliotolewa baadaye, walikufa 9. Kitabu chake kilitoka 1835. Louis mwenyewe hakufika kusema mtindo huo uachwe kabisa, lakini ukishahesabu huwezi tena kujifanya hujui. Mwaka 1841 rais wa Marekani, William Henry Harrison, alikufa mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa, na madaktari wake walitaja nimonia na plurisi. Hata yeye walikuwa wamembandika vikombe vya kuumika.

Sasa huyu ambaye kwa kweli nilitaka kumzungumzia. Benjamin Franklin, yule wa noti ya dola 100. Shuleni tulifundishwa ni mtu wa tiara na radi. Hakuna aliyeniambia alikuwa mtu wa kichomi.

Mwaka 1727, akiwa ndiyo ametimiza miaka 21, alikuwa akifanya kazi kwa mfanyabiashara wa Philadelphia aliyeitwa Denham. Wote wawili wakaugua wakati mmoja. Denham alikufa na ugonjwa wake. Franklin alikuwa na plurisi. Katika kitabu cha maisha yake anasema aliumia sana, akakata tamaa moyoni, na alipoona anaanza kupata nafuu akasikitika kidogo, kwa sababu sasa ingebidi siku moja arudie hiyo kazi yote ya kufa. Nilisoma hiyo sehemu usiku wa saa nane, nimekaa wima kwa kitanda kwa sababu kulala chali hakuwezekani, na nilicheka. Nikajuta kucheka. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kunielezea kile nilikuwa nasikia na nilikuwa naogopa kumwambia mathe. Si kwamba nilitaka kufa. Nilikuwa nimechoka na kungoja pumzi ijayo.

Mwaka 1728, kijana wa miaka 22, akajiandikia maneno ya kaburini, akijifananisha na kitabu kilichochakaa. Halafu akaendelea na maisha. Mwaka 1735 ikarudi, mbaya zaidi: plurisi iliyoishia na jipu kwa pafu la kushoto, likapasuka, usaha ukamjaa ghafla karibu umnyonge. Ikarudi tena miaka kadhaa baadaye. Daktari wake wa mwisho, John Jones, aliandika kwamba kati ya mashambulizi hayo hakuonekana kusumbuliwa na pumzi. Nataka kumwamini, lakini mimi pia sionekani. Muulize yeyote kwa ile video.

Kutoka 1735 hadi kifo chake ni miaka 55. Ndani ya hiyo miaka kuna umeme, kuna uhuru wa Marekani, kuna miaka ya ubalozi Ufaransa. Aprili 1790, akiwa na miaka 84, homa ikamshika, na baada ya siku tatu nne uchungu ukaja upande wa kushoto wa kifua, pamoja na kikohozi na kupumua kwa shida. Jones anasema maumivu yakimlazimisha kuguna, alikuwa anaomba radhi, akiogopa kwamba havumilii inavyompasa. Mzee wa miaka 84, na bado anaomba msamaha kwa kuumwa. Halafu siku tano kabla ya mwisho, uchungu ukaisha. Familia ikafurahi, ikidhani amepona. Mnakumbuka nilivyofurahi mimi? Jipu lilikuwa limejikusanya ndani ya pafu, likapasuka, na akafa tarehe 17 usiku. Kwa hivyo ukisikia kichomi kimeacha kuchoma lakini umeanza kuhema, usisherehekee, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukitema damu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma pamoja na kifua, usingoje hata jioni, kwa sababu hilo laweza kuwa damu iliyoganda imefika mapafuni.

Kuna kisa kingine cha Franklin nakipenda zaidi. Septemba 1776 alikuwa safarini na John Adams, aliyekuja kuwa rais baadaye. Nyumba za wageni za New Brunswick zilikuwa zimejaa, wakapewa chumba kimoja kidogo, kitanda kimoja, dirisha moja. Adams alikuwa mgonjwa mgonjwa na aliogopa hewa ya usiku, akafunga dirisha. Franklin akamwambia alifungue, la sivyo watakosa hewa. Na akaanza kumpa mhadhara: watu hawapati mafua kwa baridi, wanayapata kwa kufungiwa pamoja na kupumuliana. Adams anasimulia kwamba alilala katikati ya mhadhara. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 100 kabla Robert Koch kusimama Berlin, tarehe 24 Machi 1882, na kuonyesha kijidudu cha TB, ambacho husafiri hewani hivyo hivyo, kutoka kifua kimoja hadi kingine kwenye chumba kilichofungwa.

Fikiria matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, msimu wa Julai, abiria wote ndani na madirisha yote yamefungwa kwa sababu kuna upepo na mtu atashikwa na nimonia. Kila mtu anaogopa baridi ya nje. Hakuna anayemwogopa anayekohoa nyuma.

Nimeruka kidogo, acha nirudi kwa vifaa, kwa sababu hapa nina maneno. Mnajua vile daktari huwa anakugonga mgongo kwa vidole? Hiyo ilitoka kwa Leopold Auenbrugger, aliyeiandika 1761 huko Vienna. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na ukigonga pipa la mvinyo unajua limejaa hadi wapi. Kifua chenye maji nacho ni pipa. Halafu 1816, Paris, René Laennec akakunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kwa kifua cha mwanamke ambaye hakuweza kumwekea sikio moja kwa moja, na hapo stethoskopu ikazaliwa. Ni Laennec aliyeandika kwamba mgonjwa mwenye maji kwenye tando akiongea, sauti yake inasikika kupitia kifua kama ya mbuzi. Mimi nimeambiwa nitamke sauti moja mara tatu huku daktari amenyamaza nyuma yangu, na sikujua anatafuta mbuzi. Laennec alikufa 1826, miaka 45, kwa TB.

Sasa ona kilichotokea. Kabla ya hapo, daktari alikuwa hana cha kumtegemea ila maneno ya mgonjwa: unachomwa wapi, tangu lini, ukikohoa inakuwaje. Baada ya hapo akapata kitu cha kusikiliza kilichompita mgonjwa. Bila hiyo sindano na eksirei mimi labda singekuwa naandika hapa, kwa hivyo silalamikii vifaa. Lakini vifaa vilikuja na tabia. Nilipomaliza dawa na kurudi kusema bado nachomwa, kijana wa koti jeupe aliinua picha kwenye mwanga, akasema, "Iko safi," akaiweka chini. Mazungumzo yakaisha. Picha ilikuwa imeulizwa, mimi sikuulizwa.

Nilienda kwa mwingine. Mama wa makamo, hakuwa na haraka. Akanieleza kwamba TB ya tando ikipona inaweza kuacha makovu: utando unakuwa mnene, mahali pengine zile mbili zinashikana kama mikate ya mahamri iliyokandwa karibu sana. Zikivutwa na pumzi kubwa, kicheko, kikohozi, zinalia. Akasema inaweza kupungua kwa miezi, inaweza kuchukua miaka, na kwamba wengine hubaki nayo kidogo daima. Ajabu ni kwamba nilitoka pale nimefurahi. Alikuwa ameniambia jambo baya, na nilifurahi.

Yeye ndiye alinifundisha vile naishi sasa. Nikikohoa nakumbatia mto kwa nguvu ubavuni. Nalala upande ule unaouma, kinyume na vile akili inakwambia, kwa sababu uzito unaushikilia ubavu usicheze sana. Siku mbaya natumia ibuprofeni, lakini baada ya kula, na si kila siku, kwa sababu itakutoboa tumbo halafu ule uongo wa asidi uwe kweli. Na kila asubuhi navuta pumzi kubwa mara kumi, polepole, hata ikichoma. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Kila kitu mwilini kinakwambia upumue kidogo kidogo kama mwizi aliyejificha, na ukikubali, sehemu za chini za pafu zinalala na hazifunguki, na hapo nimonia inapata nyumba.

Ndiyo maana nilivyofika kwa Gandhi nilipiga meza. Ndiyo, Mahatma, yule mwenye sanamu pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipita pwani yetu 1893 akielekea Afrika Kusini, meli ikitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Mwaka 1914 alikuwa London vita vikianza, na plurisi ikamshika. Alikuwa ameapa kutokunywa maziwa, madaktari wakambembeleza, akakataa katakata. Hapo nampa kichwa cha Charlemagne. Lakini daktari mmoja, Allinson, akamwambia afungue madirisha saa 24, apakwe mafuta penye uchungu, atembee nje dakika 15 hadi 30. Chumba chake kilikuwa na madirisha makubwa ambayo ukiyafungua wazi mvua inaingia, na kile kioo kidogo cha juu hakikufunguka. Gandhi akafanya kioo kivunjwe. Nakuambia! Mpangaji, London, wakati wa mvua, anavunja kioo cha dirisha ili apumue. Jaribu hiyo na kealanga wako wa Pipeline uone.

Desemba akapanda meli kurudi India. Daktari mwingine, Jivraj Mehta, alikuwa amemfunga mbavu kwa plasta, akamwambia asiitoe mpaka wafike Bahari ya Shamu. Hiyo ilikuwa tiba ya kawaida wakati huo, kufunga kifua ili ubavu usisogee. Na inasaidia uchungu kweli, nilijaribu kwa leso ya mathe. Ila inakufanya upumue juu juu, ndiyo sababu siku hizi hawaipendi. Gandhi alivumilia siku mbili. Kisha akaing'oa, kwa taabu kubwa, na anasema hali yake ikawa nzuri kadiri safari ilivyoendelea. Alifika Bombay tarehe 9 Januari 1915.

Na kuna watu ambao hawana sanamu. Kabla ya miaka ya 1970, matibabu ya TB yalikuwa ya mwaka mmoja na nusu. Wengi waliacha katikati, na wewe ungeacha. Halafu mabaraza ya utafiti ya Afrika Mashariki na Uingereza yakafanya majaribio kwa wagonjwa wa TB ya mapafu katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakilinganisha dawa za miezi 6 na zile za miezi 18. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1972: miezi sita yenye dawa sahihi, rifampisini ikiwemo, inatosha. Sehemu kubwa ya dunia inatibu TB kwa njia iliyojengwa juu ya hapo. Ile miezi sita yangu ya mkojo wa rangi, tembe za bure kutoka kwa serikali, ilinunuliwa na watu wa huku waliokubali kuhesabiwa. Majina yao hatuyajui. Huwa nawafikiria kuliko Charlemagne.

Juzi nilikuwa nikienda tao, nimepata kiti cha dirishani, nikafungua kama mkono mmoja hivi. Mama aliyekaa nyuma akanigusa bega, lile lile bega.

"Kijana, funga hiyo dirisha. Utashikwa na kichomi."

"Nilishikwa tayari, mama," nikamwambia. "Ndiyo sababu nafungua."

Akaniangalia kwa muda. Akavuta leso yake mpaka shingoni, akasogea kidogo upande wa pili, na hakusema tena. Dirisha likabaki wazi mpaka Muthurwa.